Gunia la Sayyidna Umar Lilitoka Ghala Gani?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, kisa hiki hapana shaka umekisikia, kwani hakuna Ramadhani inayopita bila ya kusimuliwa msikitini. Usiku mmoja wa baridi Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.), naye ni Khalifa wa Waislamu, alitoka nje ya mji wa Madina pamoja na mtumishi wake Aslam. Wakauona moto kwa mbali. Walipoukaribia wakamkuta mama mmoja na watoto wake wanalia kwa njaa, na chungu kiko motoni. Ndani ya chungu hamkuwa na kitu ila maji. Mama yule alikuwa akiwahadaa wanawe wadhani chakula chapikwa, hadi wapitiwe na usingizi. Akamlalamikia Umar bila ya kujua anazungumza na nani, na Umar alipomuuliza vipi Khalifa angeijua hali yake, mama akamjibu kwa kumshangaa mtu anayetawala mambo ya watu kisha akaghafilika nao.

Umar akarudi mjini mbio. Akajitwika gunia la unga pamoja na mafuta mgongoni mwake. Aslam alipotaka kumpokea mzigo, Umar alimuuliza kama atambebea na mzigo wake Siku ya Kiyama. Akaenda akapika kwa mkono wake, moshi ukipita katikati ya ndevu zake, na hakuondoka mpaka alipowaona watoto wameshiba na wanacheka.

Kisa hiki twakipenda kwa sababu ya ule mgongo uliobeba. Lakini leo mimi nataka tuulize swali ambalo hatuliulizi: lile gunia lilitoka wapi? Ilikuwa ni usiku wa manane, maduka yamefungwa, na Umar hakwenda kugonga mlango wa tajiri yeyote. Alikwenda moja kwa moja mahali anapopajua, akafungua, akachukua anachokihitaji, akatoka. Mahali hapo palikuwa ni ghala.

Nina sababu yangu ya kuuliza. Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa wetu, vijana tulikusanya chakula cha kuwagawia mayatima na wajane mwezi wa Ramadhani. Watu walitoa, mashallah. Unga, mchele, maharagwe, sukari, mafuta, tende. Tukavijaza katika chumba kimoja kando ya madrasa, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Tulirundika magunia sakafuni, yameegemea ukuta, mapya juu ya ya zamani. Mvua zikanyesha. Katika kumi la mwisho walikuja kina mama wazee, nasi tukawaambia chakula bado hakijatimia, kwani hakuna aliyejua hasa tuna nini. Siku mbili kabla ya Idi tulipoanza kuteremsha magunia, yale ya chini yalikuwa yamegandamana kama mawe na yananuka ukungu. Na chini kabisa tukakuta maharagwe ya mwaka uliotangulia, yamekwisha kwa wadudu. Ikabidi vitupwe. Mama mmoja katika wale tuliowarudisha alikuwa amesimama pale mlangoni akitazama.

Nia zetu zilikuwa safi, lakini ghala letu halikuwa ghala. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za maghala katika historia yetu, na nimegundua kuwa wazee wetu katika Uislamu hawakuliona jambo hili kuwa dogo hata kidogo.

GHALA LA NABII YUSUF (A.S.)

Tuanze na kisa ambacho Qur'ani yenyewe imetusimulia, katika Sura Yusuf. Mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba walionona wakiliwa na saba waliokonda. Nabii Yusuf (A.S.), akiwa bado kifungoni, alifasiri ndoto ile, na hakuishia katika kuifasiri tu. Alitoa na mpango: walime miaka saba mfululizo, na wanachovuna wakiache katika mashuke yake, isipokuwa kile kidogo watakachokula.

Zingatia hapo, ndugu yangu. Kwa nini katika mashuke? Mkulima yeyote wa bara atakwambia. Nafaka iliyo ndani ya ganda lake hukaa zaidi kuliko iliyopurwa, kwa sababu ganda huizuia kushambuliwa na wadudu na unyevu. Basi katika jambo kubwa la kuokoa taifa zima, wahyi umetaja hata namna ya kuweka akiba.

La pili ni kwamba Yusuf (A.S.) alipoomba asimamie hazina za nchi, alijisifu kwa mambo mawili: kuwa yeye ni mwenye kuhifadhi na mwenye kujua. Uaminifu peke yake haukutosha, na elimu peke yake haikutosha. Mlinzi mwaminifu asiyejua kuhifadhi ataacha chakula kioze huku anakilinda, kama nilivyofanya mimi. Na mjuzi asiyekuwa mwaminifu atakiuza mlango wa nyuma.

La tatu ni kipimo. Ndugu zake Yusuf walipokuja kununua chakula, kila mtu alipata shehena ya ngamia mmoja, ndiyo maana walitamani ndugu yao mdogo aende nao ili waongezewe shehena moja. Yaani mgao ulikuwa kwa idadi ya vichwa, kwa chombo maalumu cha kupimia, na wageni kutoka Kanaani walipata kwa utaratibu huo huo.

ULINZI WA ZAKA YA RAMADHANI

Tuje zama za Mtume (S.A.W.). Kisa cha Abu Huraira (R.A.) na mwizi wa usiku twakijua sana kwa sababu ya Ayatul Kursiyyu. Lakini hebu kitazame tena kwa jicho la mtu wa stoo. Amekipokea Imamu Bukhari. Mtume (S.A.W.) alimpa Abu Huraira kazi ya kulinda zaka ya Ramadhani. Maana yake chakula kilikusanywa mahali pamoja kabla ya kugawiwa, na kikawekewa mtu mmoja mwenye jukumu. Usiku ukaja mtu akaanza kuteka chakula. Abu Huraira akamkamata, yule akalia shida, akamwachilia. Asubuhi Mtume (S.A.W.) akamuuliza habari za mfungwa wake wa jana. Ikawa hivyo mpaka usiku wa tatu, na mwisho wake Mtume (S.A.W.) akamjulisha kuwa yule alikuwa ni shetani.

Fadhila za Ayatul Kursiyyu ziko pale pale, wala hatuzipunguzi. Ninachosema ni kuwa ndani ya kisa hicho muna ghala, muna mlinzi anayejulikana kwa jina, na muna kiongozi anayeuliza kila asubuhi nini kilichotokea usiku. Sisi tulikuwa na chumba tu. Hakuna aliyeniuliza hata siku moja.

Na katika soko la Madina Mtume (S.A.W.) aliweka sheria ambazo zote zinahusu safari ya chakula kutoka kwa mkulima hadi kwa mlaji. Alikataza watu kuutokea msafara njiani na kuununua mzigo kabla haujafika sokoni, kwani mwenye mzigo hajui bei na anaweza kupunjwa. Alikataza mtu kukiuza chakula alichokinunua kabla hajakipokea. Ibn Umar (R.A.) ameeleza kuwa katika zama zile waliouziana chakula cha kukadiria bila ya kipimo walikuwa wakipigwa ikiwa watakiuza kabla ya kukihamishia mahali pao. Alimkemea vikali anayehodhi chakula akingojea bei ipande. Na siku moja alitia mkono ndani ya rundo la nafaka la muuzaji akakuta chini pana unyevu, na muuzaji alipojitetea kuwa ni mvua, akamwambia kwa nini asiuweke juu watu wauone, kisha akatoa lile onyo kali kuhusu mwenye kughushi.

Wala mtu asifahamu vibaya, kuweka akiba si kuhodhi. Bukhari amepokea pia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwawekea ahli zake chakula cha mwaka. Tofauti iko katika nia na katika athari: huyu anahifadhi ili watu wale, yule anafungia ili watu wateseke wamlipe zaidi.

MWAKA WA MAJIVU

Sasa tufike kwa Sayyidna Umar. Mwaka wa 18 Hijria, sawa na mwaka 639 Miladia, mvua zilikatika Hijazi. Ardhi ilikauka mpaka upepo ukawa unapeperusha vumbi kama majivu, ndiyo mwaka ukaitwa Aamur-Ramada, Mwaka wa Majivu. Mabedui waliacha nyika wakamiminika Madina kwa maelfu.

Umar aliapa hatakula samli wala nyama mpaka watu wapate nafuu. Akala mafuta ya zeituni hadi tumbo likawa linamnguruma na rangi yake ikabadilika ikawa nyeusi. Haya nayo twayasikia katika mawaidha. Tusiyoyasikia ni yale aliyoyapanga.

Kwanza aliandika barua kwa magavana wake kuomba msaada. Tabari anasimulia kuwa wa mwanzo kufika alikuwa Abu Ubaida bin Al-Jarrah (R.A.) kutoka Sham, na ngamia 4,000 waliobeba chakula. Na mwaka huo huo Abu Ubaida akafariki kwa tauni ya Amwas. Mwenyezi Mungu amridhie, hiyo ilikuwa ni katika amali zake za mwisho.

Pili, hakuiacha misafara yote iingie mjini. Chakula kingine alikiagizia kiende kuwakuta watu wa nyikani huko huko waliko, ili wasilazimike kutembea na njaa kuja Madina.

Tatu, wale waliokuwa wamekwisha kufika walipiga kambi pembezoni mwa mji, na yeye akawagawanyia wasimamizi wanne. Ibn Saad amewataja kwa majina, miongoni mwao Miswar bin Makhrama na Abdullah bin Utba bin Masud. Kila jioni walikutana kwa Umar wakamweleza yote waliyoyaona. Kila mmoja alikuwa na upande wake, na hakuna aliyesema "nilidhani mwenzangu ameshapeleka".

Nne, alihesabu. Baada ya chakula cha usiku aliamrisha wahesabiwe waliokula kwake, wakawa 7,000. Kisha wakahesabiwa wagonjwa, kina mama na watoto ambao hawakuweza kuja, wakawa 40,000. Baada ya siku chache hesabu zikapanda, 10,000 na 50,000. Hizo ni hesabu alizozipokea Ibn Saad. Tazama, ndugu yangu: waliokuja kwenye sufuria walikuwa wachache kuliko wasiokuja. Angelihesabu foleni tu, wengi wangelikufa kimyakimya katika mahema. Wapishi nao waliamka kabla ya alfajiri kushughulikia vyungu.

Umar akaomba mvua pamoja na Waislamu, akimtanguliza Abbas (R.A.), ami yake Mtume (S.A.W.), awaombee. Mvua ikaja. Na hapo tena hakuwaambia watu "haya rudini makwenu". Aliweka watu wa kuwasindikiza, wakapewa chakula cha njiani na vipando. Zaka ya mwaka ule aliiakhirisha, hakuwatoza watu wenye mifugo iliyokufa, mpaka mwaka uliofuata.

MKATE WA MAJARIBIO NA NYUMBA YA UNGA

Kuna jambo jingine ambalo mimi lilinishangaza sana. Umar alipotaka kuweka posho ya kila mwezi kwa watu, hakukisia. Aliamrisha kipimo kimoja cha nafaka kiitwacho jaribu kisagwe, kikandwe, kipikwe mkate. Akawaita wanaume thelathini wakala chakula cha mchana wakashiba. Jioni akafanya vivyo hivyo. Basi ikajulikana: ikiwa jaribu moja yatosha watu thelathini mlo mmoja, yatosha mtu mmoja mlo mmoja kwa siku thelathini. Kwa hiyo jaribu mbili kwa mwezi zatosha mtu mmoja mchana na usiku. Akaweka jaribu mbili kwa kila mtu, mwanamume na mwanamke, na mtumwa akapewa sawa na muungwana.

Huo ni utafiti, ndugu zangu. Leo mashirika makubwa ya misaada hufanya hesabu ya namna hiyo kabla ya kupakia lori hata moja.

Kisha akaweka Darud-Daqiq, yaani Nyumba ya Unga. Humo aliweka unga, shayiri iliyokaangwa na kusagwa, tende, zabibu kavu na vitu vinavyohitajiwa, kwa ajili ya msafiri aliyekatikiwa na mgeni. Na katika njia baina ya Makka na Madina akaweka vituo vyenye mahitaji kwa aliyekwama. Hilo ndilo jawabu la swali letu. Lile gunia lilitoka Nyumba ya Unga. Mgongo wa Umar ulipata la kubeba kwa sababu siku nyingi kabla ya usiku ule kulikuwa na watu waliopima, wakapanga na wakalinda.

MFEREJI NA BANDARI

Umar hakusahau somo la Mwaka wa Majivu. Ngamia wa Sham walikuwa wengi, lakini njia ya nchi kavu ni ndefu na ngamia naye hula. Wapokezi wengine hutaja msaada wa Misri katika mwaka ule ule wa njaa, lakini jeshi la Amr bin Al-Aas (R.A.) liliingia Misri mwishoni mwa mwaka wa 18, na ngome ya Babilioni ikafunguka mwaka 641 Miladia. Kwa hivyo mpango mkubwa wa Misri ulikuwa ni matayarisho ya njaa nyingine isije ikawakuta Waislamu mikono mitupu.

Mpango wenyewe ni huu. Zamani palikuwa na mfereji ulioiunganisha Nile na Bahari ya Sham, ukafukiwa na mchanga. Umar akaamrisha uchimbwe upya. Ulitoka karibu na Fustat, Kairo ya leo, ukafika Qulzum karibu na Suez, na ukaitwa Mfereji wa Amirul-Muuminin. Haukupita mwaka, wanavyosimulia, merikebu zikawa zinapita. Kazi haikukubaliwa kirahisi: Tabari anaeleza kuwa Amr alihofia itaathiri mapato ya Misri, lakini Umar akashikilia. Na matokeo yake ni kuwa bei ya chakula Madina ikawa sawa na ya Misri. Watu wa biashara watanielewa hapo. Njia ikiwa fupi na ya uhakika, bei hushuka yenyewe bila ya kumlazimisha mtu.

Merikebu zilitua Al-Jar, bandari ya Madina, mwendo wa siku moja na usiku wake kutoka mjini. Mwanahistoria Yaaqubi anasema zilikuja merikebu 20, na Umar mwenyewe akateremka bandarini kwenda kuzitazama. Akajenga hapo majumba mawili ya kuwekea chakula. Kisha akamwamuru Zaid bin Thabit (R.A.), yule yule mwandishi wa wahyi, awaandikie watu hati, kila mtu na haki yake, na akaamrisha zipigwe muhuri chini. Mwenye hati huenda ghalani na kuchukua fungu lake.

HATI ZILIPOGEUZWA BIASHARA

Kila mpango mzuri hupata wajanja wake. Baada ya miaka, Marwan bin Al-Hakam akiwa gavana wa Madina, hati za chakula cha Al-Jar zilitolewa, na watu wakaanza kuuziana zile karatasi kabla ya chakula kupokewa. Karatasi ikapita mkono huu na huu, kila mmoja akiongeza chake, na chakula kiko palepale ghalani hakijasogea. Imamu Malik katika Muwatta anasimulia kuwa Zaid bin Thabit na sahaba mwingine walimwendea Marwan wakamuuliza vipi anaihalalisha riba. Katika Sahihi Muslim aliyesimama ni Abu Huraira. Marwan akatuma askari wakazitoa zile hati mikononi mwa watu wakazirudisha kwa wenyewe.

Angalia nani aliyekwenda kulalamika. Ni Zaid, aliyeziandika hati za mwanzo kwa mkono wake. Hakunyamaza alipoona kazi yake imegeuzwa chombo cha kupandishia bei.

Hapa Kenya, Bunge lilipitisha mwaka 2019 sheria ya stakabadhi za ghala, mkulima aweke nafaka katika ghala lililosajiliwa, apewe hati, na hati hiyo imsaidie asiuze wakati wa mavuno kwa bei ya kutupa. Ni jambo zuri. Lakini swali la Zaid bado lipo: je, hati inamtumikia mwenye chakula na mwenye njaa, au inamtumikia wa katikati?

Na mfereji je? Ulitumika zaidi ya miaka mia moja. Kisha katika mwaka wa 145 Hijria, sawa na 762 Miladia, watu wa Madina walipomuunga mkono Muhammad An-Nafsuz-Zakiyya dhidi ya Khalifa Al-Mansur wa Bani Abbas, Al-Mansur akaukata ili chakula kisiwafikie. Njia iliyochimbwa na mmoja kuwalisha watu ikafungwa na mwengine kuwanyima.

PWANI YETU

Nasi wa Pwani si wageni wa habari hizi. Majahazi ya Kaskazi yalikuwa yakiteremsha tende katika bandari ya kale ya Mombasa na kurudi na boriti. Na Malindi, ilipoanzishwa upya mwaka 1861 chini ya Sayyid Majid, ikawa ghala la mtama na ufuta, na nafaka yake ikilisha Arabuni. Lakini tuseme na ukweli: mashamba yale yalilimwa na watumwa, na jasho lao ndilo lililojaza majahazi. Umar alimpa mtumwa kipimo sawa na muungwana. Wangapi katika mabwana wa mashamba yale waliikumbuka sunna hiyo?

Bibi zetu nao walikuwa na elimu yao. Mahindi yaliwekwa juu ya uchaga, moto wa jiko ukiwa chini yake, moshi ukiyakausha na kufukuza wadudu. Tulipohamia nyumba za simenti tuliudharau uchaga, tukaweka gunia sakafuni. Mwaka 2004 nchi yetu ililipa gharama. Katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yalishika ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Basi unyevu ulioguswa na mkono wa Mtume (S.A.W.) chini ya lile rundo si jambo la kughushi bei tu, ni roho za watu.

TUFANYE NINI SISI?

Ndugu zangu vijana, Ramadhani hii misikiti na jumuiya zetu zitakusanya chakula tena inshallah. Haya ndiyo niliyojifunza, na nayaandika kama mtu aliyekwisha kukosea.

Mteueni mtu mmoja wa ghala, ajulikane kwa jina, na awepo wa kumuuliza kila siku. Ufunguo bila ya masuala ni mtihani kwa huyo mwenye ufunguo.

Andikeni kila kinachoingia na kila kinachotoka, siku ile ile. Daftari la shilingi chache latosha. Laiti tungelikuwa nalo, tusingelimrudisha yule mama.

Msiweke gunia sakafuni wala lisiguse ukuta. Pangeni mbao chini, acheni nafasi ya hewa na ya mtu kupita. Mahindi yawe makavu, unyevu usizidi asilimia 13.5. Mkinunua kwa wingi, ombeni yapimwe.

Kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka, na kinachokaribia kuharibika kitoke kabla ya vyote. Kipya kisirundikwe juu ya cha zamani. Unga, sabuni na mafuta ya taa visilale chumba kimoja.

Hesabuni watu kabla ya kuhesabu magunia, na muwahesabu na wasiokuja: mgonjwa, mzee, mama mwenye eda, kijana mwenye ulemavu. Gaweni mitaa kwa wasimamizi, kila mmoja na upande wake, mkutane jioni. Palipo mbali, chakula kiende kwa pikipiki au mkokoteni, asiitwe mtu kuja kusimama juani na saumu yake.

Na zaka ya fitri ikusanyweni mapema. Pishi moja kwa kila kichwa, ifike mikononi mwa mwenyewe kabla ya swala ya Idi. Ibn Umar (R.A.) alikuwa akiitoa siku moja au mbili kabla ya Idi. Zaka iliyolala stoo mpaka watu wameshaswali imepoteza wakati wake.

Kwa wafanyabiashara wetu nina neno moja tu. Sukari na tende zilizofichwa katika godauni tangu Shaabani zikingojea bei ya Ramadhani, mwenyewe anajua zimefichwa kwa nini, na Mola wake anajua zaidi.

Mwaka uliofuata yule mama nilimpelekea fungu lake mwenyewe, mkononi, katika kumi la mwanzo. Hakusema mengi. Aliufungua mfuko wa unga, akatia mkono ndani mpaka chini, akaunusa, kisha akaniombea dua. Nikakumbuka kuwa hivyo ndivyo chakula kinavyokaguliwa tangu soko la Madina.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kuhifadhi na wenye kujua, utukubalie saumu zetu na sadaka zetu, uwashibishe wenye njaa popote walipo, na usitujaalie tukawa sababu ya chakula chao kuoza mikononi mwetu. Amin. Wabillahi Tawfiq, na Ramadhani Karim.